Bosi Ameniandikia "Vague" kwa Ripoti, Anamaanisha Nini?

SWALI: Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni kijana wa miaka 24, nakaa Umoja, niko interni kwa kampuni moja ya mizigo huku Industrial Area, huu ni mwezi wa tatu. Wiki jana niliambiwa niandike ripoti ya mafunzo ya usalama tuliyofanyiwa, nikakesha nayo, nikatoa kurasa mbili za Kizungu safi, asubuhi nikampelekea bosi. Ikarudi saa nane mchana na neno moja tu limeandikwa na kalamu nyekundu pale juu kwa pembe: vague. Hakuna kingine, hata sahihi hakuna. Nikaangalia dikshonari ya simu ikaniambia "isiyo wazi", sasa nikashangaa kwa sababu grama iko sawa na spelingi nimepitisha kwa kompyuta. Jamaa tunayekaa naye dawati moja akasema hiyo ni njia ya wakubwa ya kukuambia hujasoma. Mwingine akasema ni ati ripoti ina maana mbili. Nikamwandikia bosi imeili nikaomba msamaha kwa kuwa obscure, mpaka leo hajajibu. Sentensi yenyewe moja ilikuwa inasema hivi, nimekuwekea kwa Kiswahili: "Wafanyakazi wengi walihudhuria, changamoto kadhaa zilijitokeza na hatua zinazofaa zitachukuliwa hivi karibuni." Hili neno maana yake ni nini haswa, linatamkwaje, na mimi nirekebishe nini?
Interni wa Umoja

JIBU: Kijana wangu, kwanza tulia. Hujatukanwa, na hakuna mahali hilo neno linasema hujasoma. Kusema kweli mtu anaweza kuwa profesa na akaandika kitu vague kutoka mwanzo mpaka mwisho, na mama mboga ambaye hakumaliza darasa la nane akakueleza njia ya kufika kwake bila neno moja vague. Hilo neno halipimi elimu yako, linapima kama maneno yako yana mipaka.

Hapo ndio dikshonari ya simu ilikuangusha. "Isiyo wazi" ni tafsiri ya haraka, na ubaya wake ni kwamba kwa Kiswahili kitu kinaweza kukosa kuwa wazi kwa njia nyingi, kinaweza kuwa kimefichwa, kinaweza kuwa kigumu, kinaweza kuwa na maana mbili, kinaweza kuandikwa kwa mwandiko mbaya. Vague si yoyote kati ya hizo. Kitu vague kinaeleweka, shida ni hakishikiki. Ukisoma ile sentensi yako kila neno unalielewa, lakini ukimaliza mkononi huna kitu. Wengi ni wangapi? Changamoto kadhaa ni gani? Hatua zinazofaa, zinamfaa nani? Hivi karibuni ni kesho ama ni Krismasi? Na zitachukuliwa na nani, manake hapo hujaweka mtu, umeacha hatua zijichukue zenyewe.

Sasa hebu uone asili ya hilo neno kwa sababu nikiangalia naona inakaa vizuri sana na Kiswahili chetu kuliko hiyo tafsiri. Lilitoka Kilatini, vagus, maana yake ni anayezurura, asiyetulia mahali pamoja. Likapitia Kifaransa ndio likaingia Kiingereza karne ya 16. Ndugu zake unawajua, vagabond ni mzururaji, vagrant hivyo hivyo, hata extravagant mwanzo wake ni mtu aliyezurura akapita mpaka. Kwa hivyo bosi alivyoandika vague alikuwa anakuambia maneno yako yanazurura, yanapita mtaa huu na ule lakini hayabishi hodi kwa nyumba yoyote. Na si ndio vile sisi wenyewe husema hapa Nairobi? Mtu akikujibu jibu ambalo halifiki, unamwambia wacha kunizungusha. Humwambii wacha kuwa usiyedhahiri! Unamwambia anakuzungusha, na Mroma wa zamani angekuelewa mara moja.

Kutamka: sema "veig", silabi moja tu, na mwisho ukate kwa g ya gari. Zile herufi u na e za mwisho zimenyamaza, vile zinanyamaza kwa league ya mpira, na hiyo hukosei kwa sababu unaiskia kila wikendi. Nimeshaskia watu wazima wakisema "vegyu", na kuna wale huichanganya na Vogue, lile gazeti la mitindo, hilo linatamkwa "voug" na halina uhusiano na ripoti yako.

Turudi kwa ile sentensi yako kwa sababu kazi iko hapo. Sikuwa kwa hayo mafunzo, kwa hivyo hizi namba ni za mfano tu, wewe utaweka zako za ukweli. Tuseme uliandika hivi: "Watu 34 kati ya 41 walikuja. Projekta ilikataa kuwaka mpaka saa nne na robo kwa hivyo sehemu ya kuzima moto haikufanywa. Fundi wa ofisi ataleta kebo mpya Ijumaa na sehemu hiyo itarudiwa Jumatatu saa tatu." Umeona kitu? Hii haina Kizungu kikubwa wala Kiswahili kikubwa. Ni rahisi kuliko ile ya kwanza. Mtu akiisoma anajua watu saba hawakuja na anaweza kuwatafuta, anajua kuna somo la moto limebaki, na Ijumaa ikifika bila kebo anajua wa kuuliza. Kwa kampuni ya mizigo ambapo watu wanainua vitu vizito na kuna foklifti zinapita, hicho kipande cha moto ambacho hakikufanywa ndio habari ya maana kuliko zote, na wewe ulikuwa umekizika ndani ya maneno "changamoto kadhaa." Nadhani bosi wako aliskia harufu ya kitu hapo ndani na hakukiona, ndio kalamu ikatoka.

Najua mahali hiyo sentensi ilitoka. Tumefundishwa kuandika hivyo! Insha za shule tulikuwa tunapewa alama kwa kujaza ukurasa, halafu unatoka hapo unaanza kusoma barua za maofisini, na hizo ndio zimejaa "ipasavyo" na "kwa wakati ufaao" na "wahusika wote," kijana anadhani huo ndio ukubwa wa lugha. Unaandika "wahusika" kwa sababu ukiandika "Meneja wa stoo" unaogopa meneja wa stoo ataiona. Vague nyingi za ofisini ni woga, si ujinga, na siwalaumu vijana kwa hiyo, kwa sababu mara nyingi anayetaja jina ndiye hupata shida.

Na nitasema jambo moja kwa mabosi wanaosoma ukurasa huu. Ukimrudishia kijana karatasi na neno moja tu kwa pembe, bila kupiga mstari chini ya sentensi yoyote, na wewe umeandika kitu vague. Hajui ni wapi, hajui ni kiasi gani, hajui unataka nini. Huyu kijana alizunguka ofisi nzima akipewa maana za uongo siku nzima kwa sababu hukuchukua nusu dakika kuandika "wangapi?" pembeni. Alama ya kuuliza moja ingemfundisha.

Hiyo imeili ya kusema ulikuwa obscure, mwandikie nyingine fupi. Obscure inatoka kwa Kilatini cha giza, ni kitu kimejificha ama hakijulikani na watu wengi, kama kijitabu ambacho hakuna mtu amewahi kukisikia, ama maneno magumu ambayo ni wachache wanayaelewa. Yako hayakuwa gizani, yalikuwa mchana kweupe ila hayana umbo. Wewe mwambie tu umeongeza idadi, majina na tarehe, umwambatanishie ripoti mpya, na umuulize kama kuna sehemu bado anaona imepungukiwa. Usiombe msamaha mara ya pili, mara moja inatosha.

Ukiniuliza Kiswahili chake ni nini, mimi naona hatuna neno moja la kubeba yote na wala hatulihitaji, tunaangalia inaelezea nini. Ripoti vague ni ya jumla jumla, ama ya juujuu. Jibu vague ni la kuzungusha mtu. Kumbukumbu vague ni ile unasema nakumbuka kwa mbaaali, na hiyo "mbali" ukiivuta ndio maana yenyewe. Umbo ukiliona vague gizani ni umbo lililofifia. Na mtu pia anaweza kuwa vague, hapo ni vile anavyojibu: umemuuliza analipa deni lini akasema "mambo yakikaa sawa." Kiingereza hapo kinataka about, mtu ni vague about tarehe, usiweke for.

Lakini nisikuache na picha kwamba vague ni dhambi kila mahali. Nenda pale kibanda cha mboga jioni uangalie fungu la nyanya. Tatu chini, moja juu. Hilo ni fungu. Toa ile ya juu, bado ni fungu? Wengine watasema ndio, bei tu ishuke. Toa nyingine, mbili zimebaki. Sasa? Kuna mahali lilikoma kuwa fungu lakini hakuna mtu anaweza kukuonyesha ni nyanya gani ililivunja. Wagiriki walishaisumbukia hii kitu, fumbo lake linahusishwa na Eubulides wa Miletus, karne ya nne kabla ya Kristo, yeye alikuwa anauliza rundo linaanzia punje ya ngapi, na wanafalsafa mpaka leo wanaandika vitabu juu yake na vagueness ndio jina wameipa. Upara ni hivyo hivyo, ni nywele ngapi zikianguka ndio unaitwa mwenye kipara? Maneno kama mrefu, tajiri, mzee, jioni, karibu, yote hayana ukingo, na tunaishi nayo vizuri. Mama mboga na mteja wake hawajawahi kugombana juu ya maana ya fungu kwa sababu fungu liko hapo mbele yao wote wawili wanaliona. Shida huanza pale kitu hakiko mbele yenu na neno ndilo peke yake mnalo, kama ripoti. Ama kama simu ya "niko karibu kufika" kutoka kwa mtu ambaye unaskia maji ya bafu yakimwagika nyuma yake.

Na shida inakuwa kubwa kabisa ikiwa neno hilo limewekwa kwa sheria, hapo naomba mnivumilie kidogo kwa sababu ni jambo naliona ni la maana sana kwetu. Sheria ikiwa vague, polisi ndio anaijaza. Mnakumbuka ile kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano ya Kenya, iliyokuwa inasema ni kosa kutuma ujumbe unaoudhi kupita kiasi ama ujumbe unaojua ni wa uongo wa kumletea mtu usumbufu, na adhabu ni faini mpaka shilingi 50,000 ama jela miezi mitatu ama zote mbili. Kuudhi kupita kiasi, kiasi cha nani? Kitu nikiandika leo kikamwudhi mheshimiwa na jirani yangu akacheka, nimevunja sheria ama sijavunja? Watu walikuwa wanakamatwa na hicho kifungu kwa vitu wameandika mtandaoni. Mwezi wa nne 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu hapa Nairobi akasema kinakiuka Katiba, na moja ya sababu ni hiyo hiyo neno lako la kalamu nyekundu, kwamba maneno yake ni vague na mapana mno, mwananchi hawezi kujua mbele ni kitu gani amekatazwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2015, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imetupa kifungu cha 24 cha sheria ya HIV ya 2006 kwa sababu kama hiyo.

Na Marekani kuna kesi ya 1972, ya mji wa Jacksonville, Florida, ambapo Mahakama ya Juu ilifuta sheria ya mji iliyokuwa inashika watu kwa kuzurura kutoka mahali mpaka mahali bila sababu. Majaji walisema sheria hiyo ni vague kiasi kwamba haiwezi kusimama. Tazama hapo basi, sheria ya kukataza watu kuzurura ikafutwa kwa sababu maneno yake yenyewe yalikuwa yanazurura! Hapa kwetu wazee bado wanakumbuka watu wakibebwa usiku mjini kwa hilo kosa la kuzurura, na ukiuliza amefanya nini unaambiwa "alikuwa anazurura," na mambo yanaishia hapo.

Kwa hivyo kijana wangu hiyo kalamu nyekundu ichukulie kama swali. Andika upya.

SWALI: Mwalimu, naandika kwa niaba ya mamangu. Ana miaka 61, tumbo limekuwa likimsumbua wiki mbili, tukampeleka hospitali, daktari akamuuliza maswali akaandika kwa kile kitabu "vague abdominal pain". Ndugu yangu mkubwa aliposoma akakasirika, akasema ona daktari ameandika mama anajifanya. Mama mwenyewe aliposkia hivyo akalia na sasa amekataa kurudi ile tarehe alipewa. Je, ni kweli hiyo ndio maana yake?
Binti wa Kahawa West

JIBU: Hapana, hapana kabisa, na tafadhali umsomee mama hii sehemu yote leo jioni kama mmekaa pamoja.

Kwa lugha ya hospitali, maumivu vague ni maumivu ambayo mgonjwa hawezi kuyaonyesha kwa kidole kimoja. Daktari akisema nionyeshe ni wapi, kuna mgonjwa ataweka kidole hapa pap, na kuna mwingine atapitisha kiganja kizima juu ya tumbo lote akizungusha na kusema "ni huku huku tu." Huyo wa pili ndio huandikiwa hilo neno. Daktari haandiki kama maumivu ni ya ukweli ama ya uongo, anaandika kwamba hayana mahali. Ni kama mtu kusema "kuna harufu ya moshi kwa nyumba" lakini hajui ni chumba gani. Hakuna mtu anasema moshi haupo.

Na kuna sababu ya mwili kufanya hivyo. Ngozi yako ina neva nyingi zinazojua mahali, mwiba ukiingia kwa kidole cha tatu unajua ni cha tatu hata kama umefunga macho. Viungo vya ndani kama matumbo haviko hivyo, havina ramani nzuri, vikiumia ubongo unapata habari tu kwamba kuna shida pale katikati. Mfano unaojulikana sana ni kidoletumbo kikivimba, ile wengi huita apendiksi, mara nyingi huanza na maumivu vague karibu na kitovu, halafu baadaye yanahamia chini upande wa kulia na hapo sasa mgonjwa anaweza kuonyesha na kidole. Kwa hivyo kile daktari aliandika ni cha maana, mama akirudi na maumivu yamepata mahali, daktari mwingine akisoma kitabu atajua yamebadilika kutoka siku hiyo. Ndio maana ile tarehe asiiache. Na kama maumivu yanaongezeka ama yamehama kabla ya tarehe, msingoje tarehe.

Mwambie mama pia, akipenda, kwamba ndani ya mwili wake kuna neva inaitwa kwa jina hilo hilo, vagus, ni ya kumi katika zile jozi 12 zinazotoka kichwani. Inatoka chini ya ubongo inapita shingoni, inafika kwa moyo, mapafu, inashuka mpaka tumboni, na wataalamu wa zamani walipoiona inatembea mbali hivyo wakaiita mzururaji.

Ndugu yako mkubwa alikasirika kwa mapenzi, hilo naliona, alitaka kumlinda mama. Lakini naomba safari ijayo mmoja wenu aingie naye kwa daktari na aulize hapo hapo, "daktari, hili neno umeandika lina maana gani?" Ni haki ya mgonjwa kuelewa kitu kimeandikwa juu yake, na madaktari wengi ukiwauliza kwa utaratibu wanaeleza. Mama kabla hajalala leo jaribuni kuandika naye kwa karatasi: huanza saa ngapi, baada ya kula ama kabla, hukaa dakika ngapi, anaamka nayo usiku ama hapana, choo kiko namna gani. Si lazima ajue ni wapi panauma. Hayo mengine anayajua vizuri na yatamsaidia daktari.

SWALI: Mimi niko kidato cha nne hapa Nairobi. Mwalimu wetu wa Kiingereza alisema vague na ambiguous si kitu kimoja lakini kengele ikalia. Kwani tofauti ni nini? Kwa Kiswahili zote si ni utata?
Kidato cha Nne

JIBU: Utata uweke kwa ambiguous peke yake na hutakosea mtihani. Unajua lile swali la karatasi ya Kiswahili, "toa maana mbili za sentensi hii," halafu wanakupa kitu kama "Juma alimpigia Otieno mpira." Alipiga mpira kuelekea kwa Otieno, ama alipiga kwa niaba ya Otieno. Hiyo ni ambiguous. Maana ni mbili, kila moja iko kamili, unaweza kuzihesabu na kuziandika a na b. Hata kwa Kilatini mwanzo wa hilo neno ni ambi, pande mbili.

Sasa jaribu "Juma alifanya kitu na mpira." Toa maana mbili hapo! Huwezi kuzihesabu, kwa sababu hakuna maana mbili, kuna moja tu ambayo haina umbo. Hiyo ni vague.

Ukiwa njiani kwenda Nakuru na gari ifike mahali barabara imegawanyika na hakuna kibao, uko kwa ambiguous, njia ni mbili na zote unaziona. Ukifika pale Kimende asubuhi na mapema ukungu umeshuka mpaka taa za gari la mbele ni doa tu la manjano, uko kwa vague, barabara ni moja lakini huoni kingo zake. Dereva wa njia panda anahitaji kibao. Dereva wa Kimende kibao hakimsaidii, yeye anahitaji ukungu utoke. Kwa hivyo sentensi ambiguous unaitibu kwa kuchagua maana moja ukapanga maneno upya, na sentensi vague unaitibu kwa kuongeza habari iliyokosekana, kwa sababu hata ukipanga upya maneno yale yale ya "kitu na mpira" mara mia bado hatutajua Juma alifanya nini.

SWALI: Ni vaguer ama ni more vague? Tumebishana hapa kazini mpaka chai ikapoa.
Wawili wa Ngara

JIBU: Zote mbili ni sahihi kwa hivyo hakuna aliyeshindwa. Neno likiwa na silabi moja kwa kawaida linachukua -er na -est mwishoni, ndio tunapata vaguer na vaguest, na watu wengi pia husema more vague na hakuna mwalimu atawakata alama. Ila kuna mahali pamoja mtumie vaguest bila kubadilisha, ni ule msemo wa Waingereza mtu akiulizwa kitu hajui hata kidogo, anasema I haven't the vaguest idea. Sisi hapo tunasema sina hata fununu.